Barabara Sita za Kila Jua: shajara ya mradi wa kurahisisha uundaji wa mifumo ya nyota

Juma la 1

Jumamosi iliyopita tulikaa kuanzia saa kumi alasiri hadi karibu na adhana ya Magharibi bila mtu yeyote kushuka chomboni. Wachezaji wangu wanne waliamua ghafla kuacha njia niliyowaandalia na kuelekea kwenye nyota ambayo kwangu ilikuwa nukta tu kwenye karatasi. Nikafungua daftari langu la majedwali kumi na saba na kuanza kurusha dadu: aina ya nyota, uzito wake, mwangaza wake, idadi ya sayari, umbali wa kila sayari, kipenyo, uzito, hewa, maji, mwinamo wa mhimili, na kuendelea. Nilipofika sayari ya sita nilikuwa nimekwisha kurusha mara arobaini na moja, kahawa imepoa, na kijana wetu anayefanya kazi bandarini amelala kwenye mkeka. Alipoamshwa aliuliza swali moja tu: "Kaka, huko tunakokwenda tutavua kofia tupumue, au tutakufa?"

Jibu la swali hilo lilikuwa kwenye jedwali la kumi na nne.

Ninaandika shajara hii ili nijilazimishe kulirekebisha jambo hilo. Kwa msomaji asiyeujua mchezo wenyewe, ni mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani: msimulizi hueleza mahali na tukio, kila mchezaji husema mhusika wake anafanya nini, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayana uhakika. Sisi tunachezea barazani kwangu, Ngamiani, na hadithi yetu inahusu mabaharia wa anga wanaobeba mizigo kati ya nyota. Dadu tulizonazo ni za ludo, za pande sita. Zile za pande nane au ishirini sijaziona katika duka lolote la Tanga, kwa hiyo mfumo wowote nitakaoutunga lazima utosheke na dadu za ludo.

Kuunda ulimwengu kwa dadu mbili za pande sita si ubunifu wangu. Mchezo wa Traveller, uliotoka Marekani mwaka 1977, ulikuwa tayari na utaratibu huo, na jambo zuri zaidi ndani yake ni kwamba tokeo la kwanza huliathiri la pili: ukubwa wa sayari huathiri hewa yake, na hewa huathiri maji. Majedwali yangu kumi na saba yalikuwa yameuiga mtiririko huo na kuurefusha hadi ukapoteza maana. Niliamini kwamba kadiri ninavyorusha dadu nyingi ndivyo ulimwengu wangu unavyokaribia ukweli. Sasa naona kwamba mengi niliyoyarushia dadu hayakuwa ya kubahatisha hata kidogo, kwa sababu yanafuata moja kwa moja kutoka kwa mambo mawili au matatu ya mwanzo.

Juma la 2

Nimeanza na nyota. Takriban robo tatu ya nyota zilizo jirani na Jua letu ni vibete vyekundu, yaani nyota ndogo, hafifu na zenye ubaridi zikilinganishwa na Jua. Dadu mbili zina matokeo 36, na ukihesabu njia zote za kupata jumla ya 4 hadi 9 utakuta ni 27, ambayo ni robo tatu kamili. Sikulazimika kuipinda hesabu ili ikubali. Jumla ya 10 nimeipa nyota ya rangi ya chungwa, 11 nyota ya njano kama Jua, na 12 nyota nyeupe. 3 ni kibete cheupe, yaani masalia ya nyota iliyokwisha kufa, na 2 nimemwachia msimulizi achague ajabu anayoitaka.

Nilijaribu peke yangu mifumo ishirini. Kumi na sita ilitoka myekundu. Nilipomwonyesha mwenzetu ambaye ni mwalimu wa hisabati, alilipitia jedwali, akalisifu, kisha akaniambia, "Umetuhesabia anga, bwana, hukutuhesabia njia. Mabaharia hawaendi kila penye maji."

Ana haki. Usiku ukienda ufukweni Raskazone na kutazama juu, hakuna hata kibete chekundu kimoja utakachokiona kwa macho matupu, ingawa ndivyo vilivyo vingi kuliko nyota nyingine zote. Unachokiona ni nyota kubwa na angavu zinazoonekana kutoka mbali. Kinachoonekana si sampuli ya kilichopo, na vilevile mahali watu walipohamia si sampuli ya anga nzima. Kwa hiyo nimeweka majedwali mawili. La kwanza, la dadu mbili, ni la nyota ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifikia. La pili, la dadu moja, ni la nyota zilizo kwenye njia za biashara: 1 hadi 3 nyekundu, 4 na 5 ya chungwa, 6 ya njano. Jedwali hili la pili halidai kuwa sayansi. Linasimulia watu walipendelea kujenga wapi.

Juma la 4

Juma la tatu lilipita bila kazi kwa sababu ya msiba jirani. Wiki hii nimepata kile ninachokiona kuwa moyo wa mradi.

Tatizo lilikuwa umbali. Katika daftari la zamani nilikuwa nikitafuta mwangaza wa nyota, halafu kipeuo chake cha pili ili nijue ukanda wa joto la wastani uko wapi, halafu nazidisha, halafu natafuta urefu wa mwaka kwa kanuni ya Kepler. Mambo hayo yote ni sahihi, lakini mtu hawezi kutafuta vipeuo huku watu wanne wanamkodolea macho.

Jibu lilikuwa nje ya mlango wangu. Ngamiani barabara zetu zinajulikana kwa namba, na mgeni akiambiwa barabara ya kumi hahitaji kujua ni mita ngapi kutoka stesheni; namba yenyewe inamweleza yuko sehemu gani ya mji. Nikaamua kwamba kila jua litakuwa na barabara sita zenye namba, zikihesabiwa kwa joto linalofika badala ya kilomita. Barabara ya 3 ni ile inayopata joto la kadiri ya Dunia, iwe nyota ni kubwa au ndogo. Kila ukivuka barabara moja kwenda nje, umbali unakuwa mara mbili, joto linalopokewa linashuka hadi robo, na mwaka unarefuka karibu mara tatu. (Kwa hesabu kamili ni mara 2.83, lakini mezani tatu inatosha.)

Kinachobadilika kutoka nyota moja hadi nyingine ni urefu wa mwaka tu, na huo nimeuandika mara moja kwa barabara ya 3: nyota nyekundu siku 20, ya chungwa siku 120, ya njano siku 365, nyeupe miaka miwili. Barabara ya 2 ya nyota nyekundu basi ina mwaka wa siku 7, na ya 4 siku 60. Msimulizi hazidishi wala hagawanyi kitu chochote zaidi ya tatu.

Nimeupima mpango huu kwa familia ya Jua letu. (Nimeshika majina ya Zebaki, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, kwani vitabu vyetu vya Kiswahili havikubaliani kuhusu majina ya sayari, nami sitaki ubishi huo ule muda wa mchezo.) Barabara ya 3 nimeihesabu kuwa inaanzia saba ya kumi ya umbali wa Dunia na Jua hadi mara moja na nne ya kumi. Zebaki inaangukia barabara ya 2, Dunia ya 3, Mirihi ya 4, Mshtarii ya 5, Zohali ya 6. Mpaka kati ya barabara ya 4 na ya 5 unakuja kwenye mara 2.8 ya umbali wa Dunia, karibu kabisa na ule mstari ambao nje yake maji yaliganda kuwa barafu wakati sayari zinaumbwa, na ndiyo maana majitu ya gesi yako ng'ambo ya pili. Kwa hiyo kanuni ikajiandika yenyewe: barabara za 1 hadi 4 zina sayari za mwamba, za 5 na 6 zina majitu ya gesi na barafu, na hakuna dadu inayorushwa kwa hilo.

Najua kwamba umbali kuwa mara mbili kila hatua si sheria ya maumbile. Karne ya 18 wanafalaki wa Ulaya walikuwa na kanuni inayofanana na hiyo, na Uranus ilipogunduliwa mwaka 1781 ikaangukia karibu na pale kanuni iliposema. Lakini Neptuni ilipopatikana mwaka 1846 ilikutwa kwenye mara 30 ya umbali wa Dunia, ilhali kanuni ilitaka karibu mara 39. Mimi siitumii kutabiri mahali sayari ilipo. Naitumia kugawa mtaa.

Jaribio la pili lilinifurahisha zaidi. Nyota ya TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ina sayari saba zinazojulikana tangu mwaka 2017, na zote zimebanana ndani ya nafasi iliyo ndogo kuliko mzunguko wa Zebaki. Kwa kilomita, zingeonekana kama zimerundikwa mlangoni. Kwa barabara zangu, mbili ziko ya 2, mbili ya 3, na tatu ya 4. Kumbe mtaa mmoja unaweza kuwa na nyumba zaidi ya moja, na nimeongeza ruhusa hiyo.

Bado kuna wakorofi. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walitangaza sayari ya jamii ya Mshtarii inayoizunguka nyota ya 51 Pegasi kwa siku 4 tu, jambo ambalo kwa barabara zangu lisingewezekana. Nimeamua kwamba ukirusha sita mbili katika nyota ya njano, jitu la gesi limehama hadi barabara ya 1. Hiyo ni nafasi moja kati ya 36, na katika anga halisi majitu ya aina hiyo ni machache zaidi ya hapo, lakini wachezaji wakikutana nalo wasimulie wajukuu.

Juma la 5

Fundi wetu wa baiskeli alinitia adabu. Alichukua ile orodha ya sayari zetu, akaweka kidole juu ya Zuhura, akauliza iko barabara gani. Nilikuwa nimeiruka kwa makusudi, nikitumaini hataiona. Zuhura iko kwenye mara 0.72 ya umbali wa Dunia, na kwa hiyo ni barabara ya 3, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Joto la ardhi yake ni takriban nyuzi 464 za Selsiasi na hewa yake inakandamiza zaidi ya mara 90 kuliko ya kwetu. "Basi barabara yako haijui nani ana tanuri na nani ana shamba," akasema.

Kwa siku mbili nilidhani mradi umevunjika. Kisha nikaona kwamba pingamizi lake lilikuwa linanionyesha mahali ambapo dadu inastahili kurushwa. Barabara hueleza joto linaloingia. Hewa ndiyo huamua linalobaki, na hewa haitabiriki kwa mahali peke yake. Hapo kuna bahati ya kweli, na ndipo swali la yule kijana wa bandarini lilipo.

Kwa hiyo sasa kuna dadu ya ukubwa na dadu ya hewa. Ukubwa: 1 ni jiwe kama Mwezi, 2 na 3 ni kama Mirihi, 4 na 5 kama Dunia, 6 ni Dunia kubwa, aina ambayo haipo kwa Jua letu lakini darubini ya Kepler, iliyofanya kazi kuanzia 2009 hadi 2018, ilionyesha kwamba ni ya kawaida sana kwingineko. Hewa: msimulizi hurusha dadu moja na kuijumlisha na ile ya ukubwa. Jumla ya 5 au chini ya hapo, hewa ni kama hakuna. 6 na 7, ni nyembamba na inahitaji kifaa mdomoni. 8 na 9, inapumulika. 10 na zaidi, ni nzito. Jiwe lililotoka na 1 halirushiwi dadu ya hewa kabisa, kwa sababu mvutano wake hauwezi kuishika. Sayari yenye hewa nzito huhesabiwa kana kwamba imesogea barabara moja kuelekea ndani, na ikiwa jumla ni 12, barabara mbili. Kwa njia hiyo Zuhura hukaa barabara ya 3 na kuungua kama iliyo barabara ya ndani zaidi, na fundi ametia saini.

Mvutano sikuurushia kitu, kwani unafuata ukubwa: kwenye jiwe ni moja ya sita, kwenye ulimwengu kama Mirihi ni chini kidogo ya nne ya kumi. Mezani ninautamka kwa mizigo. Gunia la kilo 50 huko Mirihi mtu analibeba kana kwamba ni la kilo 19, na mchezaji anaelewa papo hapo.

Juma la 6

Nilitaka kuchora ramani ya nyota kwa kipimo, nikaacha. Jua likiwa chungwa moja la Muheza lenye upana wa sentimita 8, Dunia ni chembe isiyofika milimita moja iliyo hatua kumi na mbili hivi kutoka kwenye chungwa, na nyota ya jirani kabisa, Proxima Centauri, ni kitu cha ukubwa wa punje ya dengu kilicho umbali wa kilomita 2,300, yaani uliweke chungwa lako hapa Tanga na dengu uikute karibu na Khartoum. Ramani yetu itaandika siku za safari tu.

Juma la 7

Jambo ambalo sikulitarajia limekuja kutoka kwa kijana wa bandarini, ambaye baba yake ni mvuvi. Walikuwa wameshuka kwenye ulimwengu wa bahari, barabara ya 3 ya nyota nyekundu, nao wanatafuta mahali pa kukiegesha chombo juu ya mwamba. Akaniuliza, "Maji hapa yanakupwa saa ngapi?"

Nilijibu kitu cha kubahatisha, lakini nilipoingia ndani kulala sikupata usingizi. Sayari iliyo karibu hivyo na nyota yake hufungwa na mvutano mpaka ikaonyesha uso mmoja siku zote, kama Mwezi unavyotuonyesha sisi uso mmoja. Nusu moja ni mchana usiokwisha, nusu nyingine usiku, na kati yao kuna ukanda wa machweo ya kudumu. Uvimbe wa maji unaovutwa na nyota upo, lakini hausogei, kwa sababu sayari haizunguki chini yake. Na kwa kuwa iko karibu mno na nyota, si rahisi ibaki na mwezi. Hakuna kupwa wala kujaa. Sisi tuliozoea bamvua, yaani maji makubwa ya kujaa na kupwa, ya zaidi ya mita tatu, ambapo mashua zinalala ubavu mchangani na kusubiri maji yarudi, tungeiona bahari hiyo kama imekufa.

Basi nimeandika kanuni mbili zisizo na dadu. Ulimwengu wowote wa nyota nyekundu katika barabara ya 1 hadi 3 umefungwa uso mmoja, hauna mwezi, hauna maji kupwa, na hauna misimu. Ulimwengu mwingine wowote wenye bahari hurushiwa dadu moja: 1 hadi 3 hauna mwezi, 4 na 5 una mmoja, 6 una miwili. Usio na mwezi bado una maji kupwa ya jua lake, ambayo kwa nyota ya njano ni chini kidogo ya nusu ya yale yanayoletwa na Mwezi wetu. Wenye mwezi una bamvua mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na maji mafu katikati. Wenye miezi miwili nimeuachia msimulizi, ila nimemshauri aweke siku moja ya hatari ambayo yote miwili inavuta pamoja.

Kanuni ya kwanza imetuzalia hadithi nyingi kuliko majedwali yote niliyofuta. Wazee wetu walisema kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, nao wakalima kwa kukifuata. Mkulima wa ukanda wa machweo hana mchana wala usiku, na mwaka wake ni wa siku 20. Anayetaka kuziona nyota lazima asafiri hadi upande wa giza, na huko anga lote huzunguka mara moja kwa kila mwaka huo mfupi. Wachezaji wametumia Jumamosi nzima kuwasindikiza watu wanaokwenda gizani kusoma tarehe.

Juma la 9

Jaribio kamili. Nilimpa dada yangu, ambaye hajawahi kuwa msimulizi, karatasi moja iliyokunjwa katikati, dadu mbili na penseli. Akarusha jedwali la njia: 4, nyota ya chungwa. Barabara: 4, baridi, mwaka wa siku 360. Ukubwa: 6. Hewa: 5, na jumla 11, nzito, kwa hiyo joto ni la barabara ya 3. Mwezi: 2, hakuna. Alisimama akaitazama karatasi, kisha akasema, "Kwa hiyo ni mahali penye joto zuri, lakini mizigo inawachosha na hewa inawaelemea." Dakika nne zilikuwa hazijaisha. Kijana wa bandarini aliuliza kama watavua kofia, naye akamjibu hapana kabla sijafungua mdomo.

Sayari nyingine za mfumo huo hazikurushiwa dadu, na hazitarushiwa mpaka mtu aulize. Hilo ndilo lililonigharimu zaidi kulikubali, kwa sababu napenda kujua kila kitu kilichopo kabla wachezaji hawajafika.

Kilichobaki ni nyota pacha. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua zina mwenza, na jedwali langu bado linajifanya halijui. Fundi anasema niweke jua la pili kama nyumba nyingine tu katika barabara ya 6, na ikiwa liko karibu kuliko hapo, barabara za nje zifutwe. Nitalijaribu wazo lake Jumamosi ijayo, baada ya kutoa nakala nyingine za karatasi, kwani ile ya dada imemwagikiwa na chai.